Jiko Langu na Fyuzi ya Bi Mwanahawa

Mtoni, Temeke

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yake kabla hujakaa chini kusoma. Goti lake linaendeleaje? Mvua za vuli zimelijaza bwawa la ndiva, au bado mnagombania matope? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na nina habari ya kukuchekesha, ingawa wiki iliyopita ilikaribia kuniliza.

Katika barua yako uliniuliza ni nyumba gani itakayomwamini fundi umeme mwanamke, ukanishauri nirudi Same nikasomee kupiga chapa. Sikukasirika, Baba. Haya, nilikasirika kidogo, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nilikwisha kukuandikia kwamba nimepanga kwa Bi Mwanahawa, mwenyeji wa hapa hapa, nyumba ya vyumba sita yenye mita moja na fyuzi moja. Chumba cha jirani anakaa Mama Asha, mjane anayeuza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule. Ana friji la mtumba kutoka Dubai, na friji hilo ndilo linalolisha wanawe. Basi mwezi mzima fyuzi ikawa inakatika. Jioni friji likinguruma tu kuanza kazi, pu! Redio zinanyamaza katikati ya mpira, na watu wanatoka uani kulaumiana.

Wakanigeukia mimi fundi. Nami, bila kupima chochote, nikajibu kwa maringo, "Ni friji hilo. Mota yake imechoka."

Bi Mwanahawa akakata shauri pale pale. "Mama Asha, Ijumaa isikute friji humu ndani. Likibaki, mtatoka wote wawili, wewe nalo."

Mama Asha hakupiga kelele. Aliniangalia, akasema, "Eliwaza mwanangu, una hakika? Maana mie likitoka hilo, wanangu watakula nini?"

Usiku ule nikakumbuka maji yanapopotea kwetu na kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole, wewe husema usimwulize mtu, fuata mfereji. Kesho yake nikamwomba Fundi Salehe, bosi wangu pale karakana ya Manzese, aniazime mita yake ya kupimia umeme.

Akacheka. "Sista, umeshahukumu ndo unaenda kupima? Chukua. Ila ujue, hesabu haina shemeji."

Alhamisi alasiri nikapima mbele ya wapangaji wote. Nikueleze kwa lugha ya ndiva. Volti ni kile kimo cha mteremko wa maji. Hapa kwetu ni 220. Ampia ni wingi wa maji yanayopita. Ukinzani ni ubishi wa mfereji, na mfereji mrefu na mwembamba hubisha zaidi. Ukigawa volti kwa ampia unapata ukinzani; ukizizidisha unapata wati, yaani nguvu inayotumika. Ni hayo tu, Baba. Wewe unayagawa maji kila wiki bila kalamu.

Nikaanza na friji. Ampia moja. Mara 220, wati 220.

"Ndo nyingi hizo?" akauliza Mama Asha, kanga mdomoni.

"Chache, mama. Kama balbu kubwa mbili tu."

Taa na redio za nyumba nzima, ampia moja nyingine. Fyuzi yetu inavumilia kumi. Kikabaki chumba changu, na jiko langu la koili. Kibao chake kinasema wati elfu moja, kwa hiyo lilitakiwa kuvuta ampia nne na nusu. Sindano ikaenda hadi nane. Nikadhani mita ya Salehe imeharibika, nikapima tena. Nane. 220 gawa kwa nane, ukinzani ni 27.5, wakati jiko zima lingekuwa na kama 49.

Nikaelewa hapo hapo. Koili ikiungua, sisi mafundi hatununui mpya. Tunakata kipande kilichoharibika, tunasokota ncha, maisha yanaendelea. Jiko langu nimelisokota mara nyingi hata sikumbuki, na kila mara koili ikawa fupi, ubishi ukapungua, umeme ukaingia kwa wingi. Wati 1,760! Nami nilikuwa najisifu kwamba jiko la fundi linaivisha maharage upesi kuliko majiko yao yote. Ampia nane zangu, moja ya taa na redio, kisha friji la watu linaanza, na mota ikianza huvuta kwa pupa. Fyuzi ingepona wapi?

Baba, nakiri, niliwaza kunyamaza. Hakuna mwingine pale aliyejua kuisoma sindano ile. Nikakukumbuka mwaka ule ulipoyafuata maji yaliyopotea hadi shambani kwetu wenyewe, ukakiri, ukatozwa mbuzi mbele ya wazee, nami nikaona aibu kwa niaba yako. Nikasema, "Ni jiko langu. Friji halina kosa. Mama Asha, nisamehe."

Mama Asha alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akalia. Bi Mwanahawa akanikazia macho. "Kwa hiyo kesho unatoka wewe?"

"Ukitaka, natoka."

"Nani kakwambia utoke? Litoke hilo jiko lako." Akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa kisanduku cha fyuzi. "Shika. Kuanzia leo asikiguse mtu humu ila wewe. Wengine wangenambia mita mbovu."

Sasa napikia mkaa mpaka nipate koili mpya, na Mama Asha ananiletea barafu kila jioni hata nikikataa. Fyuzi haijakatika tena.

Nisalimie kaka Elibariki, mwambie amalize lile banda. Bibi mbusu mikono yote miwili. Mama apakae mafuta gotini, asifanye ubishi kama koili.

Ile nafasi ya kupiga chapa mpeni binti wa shangazi. Uliuliza ni nyumba gani itamwamini fundi mwanamke. Ni hii, Baba, nayo inalijua kosa langu. Ufunguo wake nimeufunga kwenye pindo la kanga ninapokuandikia.

Binti yako akupendaye,
Eliwaza