Lori la Maziwa la Saa Tatu na Dakika Kumi

Jumatatu, 17 Aprili

Régis amepiga simu kutoka ofisi ya meya, furaha tele, kama mtu aliyeokota pochi. Mkaguzi wa mkoa anakuja! Jumamosi ya tarehe 13 Mei. Anataka kuziona njia zangu nne za baiskeli, zile zisizo na magari. Zikimridhisha, mkoa utazitia kwenye ramani yake na kutuwekea vibao. Nikasema vizuri sana, hongera kwetu. Nilikuwa nakata simu alipoongeza: wewe, Solange, utatangulia na baiskeli yako, sisi tutakufuata. Nani azijue njia kuliko aliyeziandika?

Nikasema bila shaka.

Bila shaka! Ulimi huu.

Sijui kuendesha baiskeli. Haya, nimeandika. Nina miaka sitini na tatu na sijawahi kumwambia mtu.

Jumanne, 18 Aprili

Nimeisoma upya karatasi yangu ya njia za baiskeli, neno kwa neno, nikijifanya mimi ndiye mkaguzi. Haina uongo. Miaka thelathini na moja nimepeleka barua kwa gari la posta kwenye barabara hizi. Kila gari nalijua, na saa yake. Njia ya Combe-Noire: kuanzia saa mbili na nusu hakuna kitu, mpaka lori la maziwa, saa tatu na dakika kumi. Halafu kimya mpaka gari la mkate, saa tano kasoro robo. Jumatatu na Alhamisi yuko muuguzi, anaendesha vibaya, kaa kando. Nilipoibandika mlangoni kwa meya watu walicheka. Siku hizi wageni wanakuja hata kutoka Ubelgiji, karatasi yangu mfukoni, macho kwenye saa.

Ila mstari mmoja. Kwenye mteremko wa Combe-Noire niliandika: "Hapa achia breki. Utakumbuka utoto wako."

Hayo alisema mpita njia mmoja wa baiskeli niliyempa maji mlangoni. Nikayaandika kama yangu. Utoto upi? Kwetu baiskeli ilikuwa moja, ya kaka zangu. Baba alisema msichana ana miguu. Mimi niliisukuma tu, kila jioni, madumu mawili ya maziwa yakining'inia kwenye usukani, mpaka nyumba ya jibini. Lucien alikuwa huko akijifunza ufundi. Mpaka leo anawaambia wageni kwamba alimpenda msichana wa baiskeli, na mimi natabasamu. Miaka thelathini na tisa ya ndoa natabasamu.

Halafu najiuliza. Mtu akiachia breki, anasikia nini hasa? Ni tumboni? Ni masikioni?

Alhamisi, 20 Aprili

Nimemwambia Ghislaine, jirani yangu. Alikuwa mpishi mkuu wa shule, na sauti yake bado ni ya kuita watoto mia. Alicheka mpaka akashika sinki. Alipopata pumzi akasema:

"Njia ya mwongo fupi, mwenzangu. Yako ina kilomita thelathini na moja!"

Kisha akafuta macho, akanipa baiskeli yake. Nyekundu, ina kikapu mbele. Tutajifunzia kwenye njia ya zamani ya reli, tambarare, haina gari wala macho ya watu kabla ya saa tatu. Nimeificha bandani nyuma ya kuni, chini ya gunia. Lucien haendi huko mpaka baridi irudi.

Jumamosi, 22 Aprili

Nimeanguka mara sita. Ghislaine amenifunga skafu kiunoni, anakimbia nyuma yangu akiishika kama kamba ya mbuzi. Anapiga kelele nisitazame chini. Nikitazama jiwe, naenda kwenye jiwe. Kwa nini? Gari halifanyi hivyo. Nimejaribu mara tatu kwa makusudi, na mara zote nimelipata jiwe.

Mzee Prost amepita na mbwa wake, akauliza tunafanya nini. Ghislaine akamjibu, bila kupepesa macho, kwamba tunapima ugumu wa ardhi kwa niaba ya mkoa. Akatupongeza.

Jumapili, 23 Aprili

Lucien ameuona mkono wangu umechubuka. Nikamwambia miiba, kule nyuma ya bustani. Akaleta dawa na pamba, akavaa miwani, akanitoa vijiwe kimoja kimoja.

"Miiba ya mwaka huu ina kokoto," akasema.

Akafunga chupa ya dawa, akaenda zake bila kungoja jibu. Mwanamume huyu amezoea jibini. Jibini halijibu.

Jumatano, 26 Aprili

Mita arobaini! Peke yangu! Ghislaine aliachia skafu bila kuniambia, na mimi nikaendelea kumgombeza kwa nini ananivuta, kumbe yuko mbali huko nyuma ameshika kiuno. Nilipojua niko peke yangu nikaanguka papo hapo. Ajabu: nilikuwa sawasawa mpaka nilipojua.

Ijumaa, 28 Aprili

Jambo la kushangaza. Magurudumu yamejazwa upepo. Siti imeshushwa vidole viwili, na sasa miguu yangu inafika chini vizuri. Nikamshukuru Ghislaine. Akaapa si yeye, hata pampu hana. Gunia lilikuwa limekunjwa vilevile nilivyolikunja mimi. Nani basi? Nimewaza asubuhi nzima.

Jumanne, 2 Mei

Mkaguzi mwenyewe amepiga simu. Bi Aubertin, sauti ya upole, nilitegemea mtu mkali. Amesema amesoma karatasi nyingi za njia za baiskeli. Zote zinataja urefu na mwinuko. Yangu tu ndiyo inayomtaja muuguzi. Kisha akaniuliza kuhusu ule mteremko.

"Ni kweli vile ulivyoandika? Maana, kusema kweli, hicho ndicho kinachonileta."

Nikamwambia ataona mwenyewe. Nimeona aibu, aibu hasa, ya kutaka kwenda kujilaza.

Jumamosi, 6 Mei

Nimeimaliza njia yote ya reli, kilomita saba, bila kushuka. Ghislaine ananipungia skafu kituoni kama naondoka na treni. Milima napanda pia, polepole, jasho mpaka machoni, lakini napanda. Nikaona basi, imebaki Combe-Noire.

Nikaenda peke yangu. Nikasimama juu pale kwenye msalaba wa jiwe. Barabara inashuka kwa kona mbili mpaka darajani, nyembamba, ukuta huku, bonde huku. Nimeishuka kwa gari mara elfu kumi. Miguu ikakataa. Nikahesabu mpaka ishirini, ikakataa. Nikahesabu tena.

Nikaisukuma. Mteremko mzima, kilomita mbili, natembea kando ya baiskeli nimeshika usukani, kama nina madumu. Nimelia kidogo pale darajani. Kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumatano, 10 Mei

Tena. Nimeisukuma tena. Ghislaine anasema niseme naumwa mgongo. Ni rahisi, na kila mtu ataamini. Lakini karatasi je? Watu wanaifuata kwa sababu wanaamini kila kilichomo mimi nimekiona. Saa za lori nimeziona. Huo mstari sijauona.

Ijumaa, 12 Mei

Nimemwambia Lucien.

Ilikuwa wakati wa supu. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoroka. Nikasema tu sijui baiskeli, sikuwahi kujua, yule msichana uliyempenda alikuwa anaisukuma. Akaendelea kukata ganda la jibini, taratibu, kama anavyolikata siku zote. Akanipa kipande. Ndipo akasema:

"Ukija na madumu yamejaa, mlima ule, nilielewa. Nani asingesukuma? Lakini nilikuwa nasimama mlangoni kukutazama ukirudi. Madumu matupu, mteremko wote mpaka kwenu, na bado unaisukuma."

Amejua. Tangu siku ile! Miaka yote ya msichana wa baiskeli mbele ya wageni, na mimi natabasamu, na yeye anajua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema lilikuwa langu la kusema.

"Na siti nilishusha mimi. Ghislaine ana miguu ya korongo, wewe huna."

Sikujua nicheke au nimrushie kijiko. Nimecheka.

Nimemweleza nilivyoamua. Kesho wataanza saa tatu kijijini na kufika kwenye msalaba kama saa tatu na nusu. Régis nimemwambia tutakutana njiani; mimi nitatangulia mapema, nijaribu mara moja tu, peke yangu, kabla hawajafika. Nikishindwa nitamngojea Bi Aubertin pale juu, nitamwambia ukweli, na ule mstari nitaufuta mbele yake kwa kalamu hii. Lucien akauliza nitashuka saa ngapi. Nikamwambia mara lori la maziwa likishapita. Barabara ni nyembamba, siwezi kukutana nalo kwenye kona. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala.

Jumamosi, 13 Mei

Msalabani, juu ya Combe-Noire. Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe, baiskeli imeegemea.

Lucien hakuwepo nilipoamka. Kitanda upande wake baridi. Na jikoni kiti kimoja hakipo — viti vinne tangu tuoane, leo vitatu. Sikuwa na wakati wa kuchunguza.

Saa tatu na dakika kumi: hakuna lori.

Na robo: hakuna. Sijawahi kuona. Thibaut, dereva wake, hachelewi hata kwenye theluji. Ina maana karatasi yangu si kweli, na leo hasa, kuliko siku zote! Siwezi kushuka, litanikuta kwenye kona. Siwezi kukaa, watanikuta hapa.

Na ishirini. Nimeenda ukingoni kutazama chini.

Lori lipo. Limesimama darajani, limezimwa. Thibaut amekaa kwenye ngazi ya mlango, anakula kitu, miguu ameinyoosha. Na mbele ya lori, katikati ya barabara, kuna kiti cha jikoni. Juu ya kiti mtu amekaa, amevaa aproni nyeupe ya nyumba ya jibini, ile niliyodhani niliitupa. Amekunja mikono. Anatazama juu huku.

Ameniona. Amenyanyua mkono.

Toka hapa mpaka darajani hakuna gari hata moja. Kama nilivyoandika.

Nyuma yangu nasikia kengele ya baiskeli ya Régis, na sauti ya mwanamke akiuliza kama ndipo hapa. Bado hawajafika kwenye kona. Daftari naliweka kikapuni, na kalamu. Sifuti kitu bado. Nataka kujua ni tumboni au ni masikioni