Hatua za Siku ya Maji

Leipzig, 6 Septemba 2025

Mpendwa Tata,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, wazee ninaowatunza ni wazima, na yule bibi wa chumba cha tisa bado ananiita kwa jina la dada yake. Wewe je? Kifua bado kinabana ukipanda ngazi za kanisa?

Nimefurahi sana kwamba saa niliyokutumia ilifika. Lakini tangu Jumatatu sioni kitu. Unakumbuka daktari anataka mapigo ya moyo ya mwezi mzima, ndipo aamue kama dawa zinatosha ama itabidi upasuliwe. Saa inayasoma mkononi mwako, inaipa simu yako kwa Bluetooth, halafu simu inaniletea mimi. Hapo katikati pamekatika. Hebu angalia kama Bluetooth imewashwa, na simu usiiache mbali na wewe. Kisha uniandikie barua ndefu, kama zile za nikiwa bweni, hata kama sasa ni kwa WhatsApp.

Binti ya Ndegwa,
Shiru

*

Kihoto, Naivasha, 8 Septemba 2025

Kwa Shiru mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama kama inavyoniacha. Mimi sijambo, Mungu ni mwema. Ziwa ndilo lenye jambo. Wiki jana lilikuwa nyuma ya choo cha jirani Karanja, leo choo chenyewe kiko ndani.

Nitakwambia ukweli, na usinikemee. Hiyo Bluetooth niliizima mimi. Nikinunua bundles za intaneti huwa nazima kila kitu kinachowaka pale juu, nikajua na hiyo ni mlaji kama wengine. Sally wa chama chetu cha akina mama amenicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nimeiwasha, ikakataa kushikana na saa. Simu ikaniuliza kama ninataka kukisahau kifaa hiki. Nikakataa! Mtoto anunue kitu kwa jasho lake, nami nikisahau hata mwezi haujaisha? Sikulelewa hivyo.

Asante, Shiru. Naivaa hata kanisani. Wamama wenzangu wananiuliza saa ngapi, na kuna saa kubwa ukutani.

Tata yako,
Wangare

*

Leipzig, 9 Septemba 2025

Mpendwa Tata,

Salamu tena, na pole kwa hayo maji. Nimecheka kwenye korido hadi bibi wa chumba cha tisa akatoka kuona kuna nini.

Bluetooth haili bundles hata kidogo. Na ukibonyeza hiyo "sahau" hutakuwa umemkosea mtu. Ibonyeze kwenye simu, saa yenyewe usiiguse. Zima simu, iwashe, halafu itafute saa upya uiunganishe. Simu ikiuliza kama inaweza kujua mahali ulipo, kubali. Na ile ya kuokoa betri uizime, ndiyo huiua app ukishaweka simu mfukoni.

Jambo lingine. Ziwa likifika mlangoni, usibebe kitu. Nimeongea na Joash wa mkokoteni, atahamisha kila kitu mpaka kanisani. Wewe kaa kwenye kiti. Tafadhali, Tata. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Sina mwingine.

Binti ya Ndegwa,
Shiru

*

Leipzig, 11 Septemba 2025

Tata, sabini na mbili! Nimekunywa chai yangu yote nikiangalia moyo wako ukipiga. Asante kwa kunisikiliza.

Shiru

*

Leipzig, 4 Oktoba 2025

Tata,

Leo sitauliza hali kwa utaratibu. Tangu mchana wa tarehe ishirini na sita sioni pigo hata moja. Nikipiga, simu imezimwa. Nimeona picha za Kihoto, watu wanapita kwa mashua mahali tulipokuwa tukianika nguo. Nimempigia Sally, hashiki. Andika hata neno moja.

Shiru

*

Ndabibi, 6 Oktoba 2025

Kwa Shiru mpendwa,

Nisamehe, mtoto. Niko hai, nina afya, nimekula. Tulihama tarehe hiyo ishirini na sita. Siku tatu tulilala kanisani, kisha Sally akanileta huku Ndabibi kwa dada yake, ambako stima ilikuwa imepotea. Simu ilikufa chaji. Saa yenyewe ni ngumu, haikuzima.

Jana nimeteremka sokoni Naivasha kwa Miraji, fundi wa simu. Ameichaji, akakuta Bluetooth imezimwa tena. Ameiwasha, akafanya yale mambo yako ya kusahau na kuunganisha, ikakubali.

Usiwe na wasiwasi kuhusu siku ya maji. Joash alibeba, mimi nilikaa kwenye kiti kama ulivyosema. Nakutumia picha ya chumba changu kipya uone nilivyo sawa. Asante kwa yote. Nani mwingine Kihoto nzima alihamishwa kama bibi harusi?

Tata yako,
Wangare

*

Leipzig, 13 Oktoba 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu. Mimi sijambo, ila nimelia sana, na sitaki kukuficha kama wewe ulivyonificha.

Kuna kitu sikukueleza. Bluetooth ikizimwa, saa haisahau. Inaweka kila kitu, na siku ikishikana na simu inatoa yote kwa mpigo. Miraji alipoiunganisha, siku zote tisa zilinifikia. Wewe hutembea hatua elfu tatu kwa siku. Siku ya maji ulitembea elfu kumi na moja, mia mbili arobaini. Saa tisa alasiri moyo wako ulikuwa mia na arobaini na moja. Kiti gani hicho?

Kisha nikaangalia picha ya chumba chako. Nyuma ya kitanda kuna sanduku la bati la marehemu mama yangu, lenye picha zake na ile sweta yangu ambayo hakumaliza kuifuma. Nikampigia Joash. Akasema, "Huyo mathe alifika kanisani akaona sanduku limebaki. Nikamwambia wachana nayo, maji yako magotini. Akaniambia hilo ni la mama ya mtoto. Akarudi peke yake, akatoka nalo kichwani."

Nilikuwa na miaka tisa Baba alipokuoa, ukaja kwetu. Siku ya kwanza ulipangusa vumbi kwenye sanduku hilo ukalirudisha juu ya kabati, ukaniambia nikuite Tata, kama shangazi tu, kwa sababu mama ninaye. Nimekutii miaka kumi na tisa. Leo sitakutii.

Daktari amepitia mapigo yote. Anasema hata siku hiyo moyo ulipanda na ukashuka wenyewe, dawa zinatosha, hupasuliwi. Lakini ukibeba tena kitu kichwani, nitakuja mwenyewe.

Asante. Sijui niliandike neno hilo mara ngapi.

Binti yako,
Shiru

*

Ndabibi, 14 Oktoba 2025

Kwa Shiru, mtoto wangu,

Sijambo, namshukuru Mungu kwa habari ya daktari. Ni kweli niliizima Bluetooth nikiwa kanisani, kabla ya kurudi. Nilidhani usipoiona siku hiyo, imepotea. Kumbe saa ni mchongezi.

Barua yako nimeisoma leo saa nne asubuhi. Utaona hapo moyo umefika mia na kumi na nane. Usishtuke, wala usimpigie daktari. Sikuwa nimebeba kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kweli kabisa, na nilikuwa sijapita mstari wa kwanza.

Mama yako,
Wangare