Nilizima Maporomoko, Mama Mkwe Akabeba Lawama

Bi Orihara mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo mume wangu Shigeki anakwenda kutia sahihi mama yake ahamie nyumba ya kulelea wazee, na sababu ya kumhamisha ni kosa nililofanya mimi.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bwawa dogo la koi, samaki wa mapambo, lenye maporomoko ya maji yaliyojengwa kwa mawe, alilijenga marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na pampu inayopandisha maji juu ya mawe hunguruma usiku na mchana mwaka mzima, na tangu umeme upande bei bwawa lile peke yake linakula yen elfu saba kwa mwezi, bado maji ya kujazia yakikauka kiangazi, bado sponji za chujio, bado chakula cha samaki, wakati mimi kiwandani nimepunguziwa siku za kazi. Nilimwambia Shigeki tulifukie, akasema, "Bwawa halifukiwi hivi hivi, Noriyo. Mpaka kuhani aje aombe, tuchomeke na bomba la mwanzi ili mungu wa maji apumue. Na hilo nalo si la bure." Hapo ndipo nikaanza ujanja wangu: kila asubuhi akishaenda kazini nazima pampu, saa kumi na moja jioni naiwasha, akirudi anakuta maji yanateremka, na bili iliposhuka alinisifu kwamba najua kubana matumizi.

Jumanne ya wiki iliyopita, na lile joto la Agosti, nilizima nikaenda kwa daktari wa meno, foleni ikawa ndefu, na siku hiyo Shigeki akawahi kurudi. Nilimkuta amesimama ndani ya bwawa na suruali yake ya kazi, amempakata yule koi mwekundu na mweupe aliyenunuliwa mwaka aliozaliwa binti yetu, amekufa, na wengine watatu wanaelea.

"Nani kazima pampu?"

Kabla sijafungua mdomo, mama yake, Bi Fusae, mwenye miaka themanini na miwili, akasema polepole, "Labda ni mimi, mwanangu. Nilikuja kuwalisha. Siku hizi nasahau sahau."

Shigeki akanigeukia. "Wewe hukuigusa?"

"Mimi? Niiguse ya nini?"

Tangu hapo mama ameacha kupika, anasema ataunguza nyumba. Kwenye swichi ya pampu amebandika karatasi, ameandika kwa mkono wake, "Fusae, usiguse," na kila asubuhi anamwomba marehemu mumewe radhi mbele ya picha yake. Shigeki anasema akili zimeanza kumtoka, na kusema kweli si vibaya akae mahali penye wauguzi, halafu chumba chake ndicho pekee kinachopata jua la asubuhi, ila chakula hakinishuki. Nikisema, Shigeki hatanisamehe. Nifanye nini?

Mke wa miaka 53, Kumagaya

*

Dada wa Kumagaya,

Nimeomba barua yako iruke foleni itoke gazetini leo Alhamisi, na majina tumeyabadili. Una siku mbili.

Nianze na bili, maana hapo nakuonea huruma. Kubana senti huku mtu mwingine akifurahia sauti ya maji kunachosha, na mumeo alipaswa kukaa chini nawe badala ya kukujibu mkato. Lakini hukuuliza kitu! Maji yakipata joto hayabaki na hewa ya kutosha, na yale maporomoko ndiyo yaliyokuwa yakiwapa samaki pumzi. Wekeni pampu ndogo ya kuchuja na kuingiza hewa, hiyo isizimwe hata dakika moja. Ile kubwa ya maporomoko iwashwe jioni mkikaa barazani. Tandazeni wavu wa kivuli juu ya maji. Bili itashuka bila siri.

Sasa tuache samaki. Dada, ulikosea ulipozima pampu, lakini ulipojibu "Niiguse ya nini?" ulifanya jambo jingine kabisa. Ulimwona mzee anajitilia shaka, ukamwacha. Na kile chumba chenye jua umekipitisha haraka, ukidhani sitakiona. Nimekiona. Umeshakipigia hesabu. Ndiyo maana chakula hakikushuki.

Usinipe habari za wauguzi. Kama kweli mama anahitaji matunzo, daktari aseme, si swichi uliyoizima wewe. Leo hii, kabla mumeo hajarudi, kaa mbele ya Bi Fusae. Mwambie yeye kwanza, kwa sababu yeye ndiye uliyemdhulumu. Sema, "Mama, nilizima mimi, kila siku, na nilidanganya mbele yako." Usitaje bili, usitaje kiwanda. Ibandue ile karatasi mwenyewe. Kisha Shigeki akiingia, mwambie maneno yale yale, mama akiwepo, na umwombe aifute safari ya Jumamosi. Atanuna, huenda mwezi mzima. Utavumilia.

Bi Fusae naye akikufokea, usijitetee na usilie ili akuhurumie. Mwache akasirike mpaka achoke. Wiki nzima amekuwa akijiogopa mwenyewe, na leo atajua kwamba akili zake ni timamu na kwamba ana haki ya kukukasirikia.