Kitufe Chenye Nyota

Rumonge, Jumatatu

Baba yangu mpenzi, Mzee Abasi,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, matibabu ya goti yanaendelea vizuri, na Kaka Rachid na watoto wake hawajambo. Sisi huku tuko salama. Mama anakusalimu, na amesema nikuulize kama unavaa sweta ukienda msikitini alfajiri.

Nina habari, Baba. Ninaendesha tena, na safari hii gari lenyewe ni la umeme. Mzee Pontiani, yule mfanyabiashara wa mawese wa Kizuka, alichoka kupanga foleni ya esansi kwenye vituo vya mafuta, akaliagiza. Halingurumi hata kidogo. Ungekuwepo ungefungua boneti kutafuta injini.

Karibu kila kitu kinaamriwa kwenye skrini kubwa iliyo upande wa kulia wa usukani, na hapo ndipo nilipopata shida. Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka Bujumbura, mvua ikatukuta Magara. Kioo cha mbele kikajaa ukungu, sioni barabara wala ziwa. Nikagusa skrini ili hewa ipulize kioo, haikuitika. Nikagusa tena na tena. Mwisho nikasimama pembeni, nikafuta kioo kwa mtandio. Mzee Pontiani, aliyekaa kando yangu, aliuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba skrini imeharibika. Akanyoosha mkono, akaigusa mara moja tu, ikaitika. Tukaendelea na safari mpaka Rumonge.

Asubuhi yake nilikwenda kumrudishia funguo, nikijua kazi imekwisha. Nilimkuta ndani ya gari na binti yake, Schékinah, wakisoma maelezo ya Kifaransa. Schékinah akanieleza kwamba kwenye usukani, upande wa kushoto, kuna kitufe chenye alama ya nyota, na dereva anaweza kukichagulia kazi anayotaka. Akaniuliza mimi nataka kifanye nini. Nikasema kiondoe ukungu. Alipokwisha kukipanga nikakibonyeza kwa dole gumba la kushoto, na hewa ikavuma kwenye kioo chote. Nililia, Baba, nao wakaniacha nilie.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Ulipokwisha kusafiri, nilikwenda Kigwena kusaidia kupika mawese, na sufuria ikanimwagikia mkono wa kulia. Ndiyo sababu sikutaka tuonane kwa video. Niliogopa ungeacha matibabu urudi. Mkono umepona na unashika usukani vizuri, lakini ncha za vidole zimebaki makovu matupu, na skrini haizitambui. Nilidhani sitaendesha tena magari ya siku hizi. Kumbe Mzee Pontiani alielewa palepale Magara, kwa sababu mke wake aliungua vivyo hivyo, na simu yake haimsikii. Aliniambia, “Binti wa Abasi, nitafute shoferi mwingine wa nini? Gari ndilo lilikuwa halijakuzoea.”

Jana nimekwenda Bujumbura na kurudi, mvua njia nzima, na nimefika nikiwa naimba.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ungesikia ninalia ukadhani ni mabaya. Ukimaliza kusoma, nipigie kwa video. Nitaitika, nikuonyeshe mkono.

Amahoro, amani kwa nyumba yote ya Kaka.

Mwanao akupendaye,
Nafisa