Miguu Mipya ya Meza ya Chini

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, Moshi yote imelowa, na mimi nimechoka uchovu ule wa kuvua kiatu kimoja na kusahau cha pili.

Mchana nafundisha, jioni nasomea shahada yangu. Mtihani ni wiki ijayo. Mama yuko kwangu tangu tumzike baba kule Kirua Vunjo, kwa sababu nyumba ya kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, imekuwa kubwa mno kwake peke yake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipumzisha: meza aliyoniachia Sujin, Mkorea niliyefundisha naye, alipokuwa anarudi kwao. Wao huiita seoan. Ni meza ndogo ya kusomea, haifiki hata magotini, na ncha zake mbili zimeinuka kidogo ili kalamu isidondoke. Babu yake aliisomea. Haikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishikana zenyewe kwa zenyewe. Unatandika mkeka, unakunja miguu, unasoma. Pale chini hata mgongo wangu ulikuwa unaniachia.

Leo nimerudi nikaikuta imesimama.

Mama amemwita fundi wa mtaa wa pili. Amepigilia miguu minne ya mbao za mgrivea kwa misumari mirefu, na ubao mmoja umepasuka pembeni. Mbele yake wameweka kiti cha plastiki.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba. Umeona? Sasa utasoma kama mtu.”

Nilienda jikoni nikasimama mbele ya sufuria ya mtori. Nilikuwa na hasira, nakiri, hasira ya kumpigia kelele mtu aliyenizaa. Akanifuata, akaongea taratibu nyuma yangu.

“Manka, kwetu mtu mzima akikaa mkekani kuna msiba. Kila nikitoka chumbani nikakukuta pale chini, moyo unashtuka. Najiuliza, ni nani tena.”

Hasira iliniishia hapo hapo, ikabaki aibu.

Tulipomzika baba tulikaa kwenye mikeka, mimi na yeye, bega kwa bega. Mimi niliinuka nikarudi kazini. Yeye nimekuwa nikimrudisha pale kila jioni, na kitabu changu mkononi, nikidhani napumzika.

Nimejaribu kusomea kwenye kiti. Meza inanifika kifuani. Fundi hakupima chochote. Ukurasa mmoja nimeurudia mara tatu na sikumbuki unasema nini. Mgongo unauma, shingo inauma. Sujin akiniomba picha ya meza ya babu yake nitamwambia nini, sijui.

Mama amesinzia kwenye kochi, mdomo wazi, kanga imemteleza begani. Sijamwona akisinzia hivi tangu msiba.

Jirani ana koleo. Nimejiambia nisiguse kitu sasa, nitang'oa hiyo misumari siku mama akirudi Kirua. Nimeona ni uamuzi wa busara, nikajipongeza hata. Halafu nikakisikia nilichosema.

Yaani nimeshaanza kungoja mama yangu aondoke?