Bastola Uliyoifufua, Papa Sifa

Papa Sifa,

Sifa ameniuliza mara mbili kwa nini nafunga mlango na jua bado linawaka. Nimemwambia ni vumbi. Wewe sitakudanganya. Naogopa, mume wangu. Naogopa kuliko siku zile tulipokimbilia milimani na godoro kichwani, kwa sababu wakati ule nilikuwa na mkono wako wa kushika.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Nundu, ulikokwenda kuchimba msingi wa jiko kwenye kiwanja cha marehemu baba yako? Ulitua gunia la mihogo, ukaingiza mkono mpaka chini, ukatoa kitu kilichofungwa kwenye ngozi iliyooza. Nilidhani ni mfupa. Ilikuwa bastola ya kijeshi ya enzi za Wabelgiji, yenye kile kipande cha duara cha kuwekea risasi, imeliwa na kutu mpaka haizunguki. Baba yako alikuwa askari wao. Hukujua kama ilikuwa yake au ya mkubwa wake, na wa kumuuliza hakuwepo tena.

"Rudisha kule uliitoa," nilikuambia. "Batatuua juu ya hii kitu."

"Acha woga, Mama Sifa. Chuma ya kufa haiwezi kuua muntu. Nitaitengeneza tu, ikae pamoja na bingine."

Vile vingine vilikuwa kwenye rafu yako chumbani: kofia ya chuma, tarumbeta iliyobonyea, chupa ya maji ya bati, vifungo vya makoti ya askari ulivyovisugua mpaka vikawaka kama macho ya paka. Wenzako hapa mjini Baraka walikusanya mbuzi. Wewe ulikusanya vitu vya vita vilivyokwisha, na nilipokuuliza faida yake ulisema mtu akiviona vimekaa kimya kwenye rafu, ataamini kwamba hata vita vinaweza kuzeeka.

Mvua zote za mwaka ule ulikuwa naye. Nasema naye, kana kwamba ile bastola ni mwanamke, kwa sababu niliona wivu kidogo. Ukimaliza kutengeneza motere za boti za wavuvi ulinawa mikono, ukarudi kwake. Uliilowesha kwenye petroli ndani ya sufuria yangu, ambayo sikuipikia tena. Ulisugua kutu kwa mswaki wa zamani, polepole, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Ulifungua misumari ya kuzungusha mmoja mmoja, ukaipanga kwenye kitambaa, na ole wake mtu atakayepita karibu. Mpini ulikuwa umeoza, basi seremala wa mitumbwi akakupa kipande cha mti mwekundu, ukachonga mpya. Upande wa kushoto kisu kiliteleza, kikaacha mkwaruzo mrefu uliopinda. Ulinuna siku nzima.

Na kwa ajili yangu, ili nilale, uliipeleka kwa mchomeleaji, mtutu ukazibwa kwa chuma, ukakata na ile ncha inayogonga risasi. Siku ilipokamilika uliniita: "Kuja uone!" Ulibonyeza, ikalia *ka!*, nami nikaziba masikio. Ulicheka mpaka ukakohoa. Nilicheka pia. Hatukujua kwamba kikohozi hicho ndicho kingekuondoa.

Ulipokwenda sikuwa na moyo wa kuitupa. Nilikuwa nikiipangusa kwa kitenge changu, nikihisi mkono wako kwenye ule mti.

Kisha asubuhi moja watu wenye silaha wakaingia mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba. Walivaa sare, lakini siku hizi sare haikuambii mtu ni wa nani. Nilikuwa nimeificha ndani ya maharage. Waliipata hata kabla sijamaliza kuwasalimu.

"Mama, hii njo nini?" mmoja wao akauliza, ameishika mkononi.

"Ni pambo tu, baba. Bwana yangu alikuwa anapenda bitu bya zamani. Haitoke risasi. Angalia, bameziba."

Hakuangalia. Aliielekeza ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Sifa, akabonyeza. *Ka!* Nilijua haiwezi kutoka kitu. Nilijua kabisa, Papa Sifa. Lakini miguu yangu haikujua, nikajikuta nimekaa chini. Yule mtu alicheka, akaichunguza, akasema, "Lakini iko muzuri," akaichomeka kiunoni, akaondoka. Nilimshukuru Mungu. Nilifikiri woga umetoka pamoja naye.

Wiki iliyopita nilikwenda Swima kununua samaki wadogo wa ndagala. Wakati wa kurudi nilipanda pikipiki ya kijana mmoja wa mtaani kwetu. Kwenye kona, watu wawili wakatoka kwenye matete. Mmoja alikuwa na bunduki ndefu. Wa pili, mdogo, pengine rika la Sifa, alishika bastola inayong'aa, yenye mpini mwekundu. Ilipopita mbele ya uso wangu niliuona ule mkwaruzo uliopinda. Imefikaje kwake, sijui.

Aliiweka kwenye paji la uso la dereva wangu.

"Yaya, usiniue," kijana akalia, akimwita yule mdogo kaka. "Niko na batoto. Beba yote."

Kwenye barabara ile mimi peke yangu nilijua kwamba kile kitu hakiwezi kumdhuru hata kuku. Na sikusema, kwa sababu ile bunduki ndefu haikupita mikononi mwako. Tena hata mimi, nikiijua, niliiogopa. Uliitengeneza vizuri mno.

"Unaangalia nini, wewe mama?" yule mdogo akanifokea.

"Hakuna kitu, baba." Mtoto wa kumzaa, nikamwita baba.

Walichukua simu zetu na kapu la ndagala, wakatuacha. Kijana aliendesha akilia, pikipiki ikiyumba huku na huku, nikamwonea huruma. Nikamshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Ile ndogo haitoke risasi."

Alisimamisha pikipiki. Aligeuka, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Umejua namna gani, mama?"

Papa Sifa, nilisema niliona tu. Alinishusha mbali na nyumbani.

Tangu hapo anapita mbele ya mlango wetu polepole. Juzi alikuwa na wenzake wawili. Jana alimsimamisha Sifa kisimani, akamuuliza, "Papa yako alikuwaka anatengeneza bunduki?" Sifa, kwa fahari ya mtoto anayempenda baba yake, akajibu kwamba ulijua kutengeneza kila kitu.

Siwezi kukukasirikia. Naikumbuka mikono yako na harufu ile ya petroli, nakutamani. Lakini watu wakiamini kwamba wewe ndiye uliyewatengenezea majambazi silaha, wakaanza kutafuta wa kumlipizia kisasi, hawataulizia rafu wala tarumbeta. Watakuja kwa mjane.

Kesho asubuhi tunapanda boti kwenda Kalemie kwa dada yangu. Sifa anadhani ni matembezi, amefunga nguo zake nzuri. Nilipita kaburini kukuaga, nikakuta watu wanapalilia hapo karibu, nikaogopa kutamka hata jina lako. Nilisimama kidogo kama mtu aliyepotea njia, nikaondoka. Ndiyo maana nimekuandikia.

Baki na amani, Papa Sifa. Sisi tunakwenda kuitafuta.

Mke wako,
Mama Sifa