Ninanunua Santuri za Baba Mkwe Mtandaoni, na Muuzaji ni Wifi Yangu

Shikamoo Bibi mshauri. Nakuandikia nikiwa karakana, wenzangu wametoka kula, naomba unijibu kabla ya Ijumaa maana ikipita Ijumaa hili jambo litakuwa limeshaharibika.

Mimi ni fundi wa mapazia, nimeolewa, mume wangu ni dereva wa malori, na nina ugonjwa mmoja ambao wenzangu hapa wananicheka nao kila siku. Napenda muziki wa okestra, ule wa zamani wa fidla na selo na piano usio na mwimbaji, na kwa kuwa santuri zake mpya bei haishikiki, mimi huwinda mtandaoni, kwenye yale masoko ambayo watu huuza vitu vyao vya ndani, natafuta, nashuka, nashuka, mpaka nimpate aliyechoka na vitu vyake au asiyejua alichonacho, na hapo hapo naanza kumwomba apunguze. Mpiga pasi wetu anasema mimi nabishania santuri kama mtu anayenunua nyanya zilizolainika. Ni kweli, na raha yake siwezi kukueleza, pale unapopata kasha zima kwa bei ya santuri moja.

Aliyeniambukiza ni baba mkwe. Alikuwa fundi wa lifti, mikono imejaa grisi, na siku ile nimepelekwa pale bibi harusi mgeni, wanawake wamejaa jikoni wananikagua kama kitambaa cha dukani, nikakimbilia sebuleni nikamkuta amekaa mbele ya kinanda chake cha santuri, akanisogezea kiti kwa mguu, tukasikiliza upande mzima. Tangu hapo akawa ananiita "mwenzangu". Ipo santuri moja ya selo aliyoipenda kuliko zote, ina mkwaruzo, sindano ikifika katikati ya kipande cha polepole inaruka, na mzee alikuwa anainua kidole kabla haijaruka, kisha ananitazama na kucheka kama amenifanyia mazingaombwe.

Kisha akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yamebaki mawili matatu, alilazwa muda mrefu na sasa yuko nyumbani na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye aliachika akarudi kwa baba yake na ndiye anayemuuguza. Wifi ana ulimi mkali, tangu niolewe hatujawahi kukaa tukacheka, basi mimi huenda Jumapili, napeleka matunda, nasalimia, naondoka.

Sasa Bibi, katika kuwinda kwangu nikakuta muuzaji mgeni anayejiita Chumba Safi, anauza santuri ya selo, picha imepigwa gizani, bei ya kutupa. Nikaagiza kwa jina la mpiga pasi kama ninavyofanya siku zote, maana mume wangu akiona kifurushi kingine chenye jina langu atahama nyumba. Ilipofika nikaiweka kwenye kinanda changu kidogo huku nakunja mapazia, ikaingia kipande cha polepole, ikaruka. Mahali pale pale. Na kidole changu mwenyewe kilikuwa kimeshainuka kabla akili haijafika.

Nikajiambia santuri zenye mikwaruzo ni nyingi. Nikanunua nyingine, jalada likaja na alama za vidole vya grisi. Hapo nikajua, na nikajua pia kwa nini wifi aliniomba nimshonee pazia la kufunika rafu ya santuri kando ya kitanda cha mzee, eti vumbi, nami nikashona vizuri kabisa, na marinda nikaweka, kumbe nafunika rafu inayohamishwa kidogo kidogo.

Aibu yangu iko hapa. Sikusema. Niliendelea kununua. Nilijiambia naziokoa zisiende kwa watu baki, lakini nisikudanganye Bibi, nilikuwa nambana bei vile vile, nilimwandikia punguza, jalada limechakaa, naye akanijibu, "Dada, wewe chukua tu, nafasi naihitaji kuliko hela," nikafurahi kwamba nimeshinda. Sasa nusu ya santuri za mzee ziko chini ya kitanda changu, nazisikiliza mume akiwa safarini, na zinalia vizuri.

Jumapili iliyopita mzee alinyosha mkono wa kushoto akaonyesha lile pazia. Wifi akasema anataka hewa, akafungua dirisha. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha tena, halafu akanitazama mimi. Mimi nikainama nikapanga matunda kwenye bakuli.

Kesho yake Chumba Safi akaweka tangazo jipya: kinanda chenyewe cha mzee pamoja na kasha la mwisho, kwa mnada, unafungwa Ijumaa jioni, na watu wameshaanza kutia dau. Nimeazimia hakitaenda kwa mgeni, hata kama itabidi niuze cherehani yangu ya pili. Swali langu ni hili, nitie dau kubwa nishinde, nikiweke salama kwangu na ninyamaze? Au nimwambie mume wangu, ambaye daima husema mambo ya kwao nisiyaguse, na ambaye akisikia ataenda kumfokea dada yake mpaka majirani watoke nje? Nikisema wifi ni mwizi, yeye ataniuliza mnunuzi alikuwa nani.

Ni mimi,
Fundi Mapazia

Bibi anajibu:

Marahaba mwanangu. Barua yako nimetaka nisomewe mara mbili, maana mara ya kwanza nilikasirika nikashindwa kusikia vizuri. Mara ya pili nikakuonea huruma. Kidogo.

Unasema unaokoa. Mtu anayeokoa vitu kwenye nyumba inayoungua haendi kuvificha chini ya kitanda chake halafu akakaa kimya. Baba mkwe wako hajafa, wewe umeshamrithi. Tena umemrithi kwa bei ya kutupa na ukaomba upunguziwe. Wewe na wifi yako mmemzika mzee huku anawatazama, mmoja anatoa vitu mlangoni, mwingine anapokea, na pazia la kuwasitiri umelishona wewe, lenye marinda.

Lakini hebu nikuulize, yale maneno aliyokuandikia wifi yako uliyasikia? Nafasi anaihitaji kuliko hela. Wewe ulisikia bei. Mimi nimesikia mwanamke anayepita ubavu ubavu kuzunguka kitanda. Nimemuuguza mume wangu, najua. Kitanda cha mgonjwa hakisukumwi ukutani, lazima upite pande zote mbili, uweke ndoo, uweke kiti cha choo, uweke kiti cha magurudumu, na rafu ya santuri imesimama hapo kama mgeni asiyeaga. Mgongo unauma mpaka usingizini unaota mgongo. Halafu Jumapili anakuja mke wa kaka yako na ndizi, amependeza, anasema pole, anaondoka. Mimi ningeuza mpaka mlango.

Simsafishi. Amekosea, na wewe usimfichie. Vitu vya mtu mwenye akili zake haviuzwi bila kumuuliza, hata kama jibu lake ni kutikisa kichwa tu. Mzee ameugua ulimi na mkono. Akili ipo, ndiyo iliyokuwa inaonyesha lile pazia. Na mle chumbani aliyemwelewa ulikuwa wewe peke yako, ukaamua kupanga matunda. Hilo limeniuma kuliko santuri zote ulizonunua.

Sasa shika hapa. Dau usitie hata senti moja. Ukishinda mnada huo utakuwa umenunua masikio ya mzee na kuondoka nayo. Mume naye asubiri. Simaanishi umfiche, ila ukianza na yeye, wifi atasikia kelele kabla hajasikia neno. Siku hiyo hiyo utakayosoma haya, ukitoka karakana, nenda, na matunda yaache dukani. Mkute wifi jikoni, umwambie, "Wifi, yule mnunuzi anayekusumbua bei ni mimi, na najua ni vitu vya baba. Sikuja kukushtaki. Nimekuja kukubali kwamba nilikuacha peke yako." Ishia hapo. Neno "lakini" usilitie. Atakutukana. Atakwambia ulikuwa unamcheka. Mwache amalize, ana ya miaka mingi, na asipokutukana ndipo uogope. Akishapoa mwombe alitoe lile tangazo na awaandikie hao waliotia dau kwamba kinanda hakiuzwi tena. Watanuna. Kesho watapata kingine, nyie wawindaji nawajua sasa.

Kisha muingie kwa mzee wote wawili, na mwongeaji uwe wewe. Mwambie usoni pake, kwa sauti yako ya kawaida, usimpigie kelele kama kiziwi, kwamba santuri zake ziko kwako, umtajie zipi, na umwombe radhi. Huenda akalia. Wagonjwa wa namna yake hulia upesi, na wewe usikimbilie kumpangusa kama mtoto, machozi ni yake. Ndipo umuulize. Anazitaka zote zirudi? Zikae kwako umletee chache chache? Anataka kusikiliza, au muziki siku hizi unamuumiza? Atajibu kwa huo mkono wa kushoto, nanyi mtangoja mpaka amalize, hata chai ipoe. Akisema viuzwe, viuzwe, itakuwa amesema mwenyewe.

Ukitaka maoni yangu, kuhusu rafu wifi ana haki, iondoke, kitanda kipumue. Kinanda kikae kwenye meza ndogo upande wa mkono unaofanya kazi, na kila ukienda upeleke kasha moja na uondoke na jingine. Pesa uliyompa wifi usiitaje kabisa, ameshaifanyia kazi usiku na mchana.

Na hizo Jumapili zako za kusalimia zimekwisha leo. Chagua siku zako za kulala pale, useme mbele ya watu kwamba ni zako, wifi atoke, akasuke nywele, akakae mahali asipoitwa na mtu. Mume wako akirudi safari umweleze yote kwa mdomo wako, dada yake akiwepo, na akianza kufoka mpe beseni na taulo, umwonyeshe chumba cha baba yake. Anayepakia lori hashindwi kumwinua mzee mmoja. Kama mambo ya kwao wewe hutakiwi kuyagusa, basi ayaguse yeye, tena kwa sabuni.

Muziki wako sikukatazi. Mwanamke anayeshinda ameinamia cherehani ana haki ya kitu kinachomfurahisha, hata kama wenzake hawakielewi, na kama unakipata kwa bei rahisi, hongera. Na hiyo azma yako nimeiona, mtu anayetaka kuuza cherehani kwa ajili ya mzee wake si mtu legelege. Ila ulikuwa unaipeleka pasipo pake.

Ijumaa jioni, saa ambayo mnada ungefungwa, nataka uwe umeshika ncha moja ya shuka, wifi yako ameshika ncha ya pili, mnamgeuza baba yenu alalie ubavu mwingine. Simu iache mkobani.